Mchezo Uani, Dhamana kwa Nani?

Hivi karibuni walitufikia vijana watano, barua mkononi na huzuni usoni. Katika ua wa mwalimu mmoja mstaafu aliyewaazima sehemu, vijana hao wamejitengenezea kiwanja kidogo cha kushindanishia magari ya rimoti, yaani vile vigari vinavyoendeshwa kutoka mbali kwa mawimbi ya redio. Ardhi wameisawazisha kwa majembe yao wenyewe, kona wamezipanga kwa matairi chakavu, na mahali pa kusimama waendeshaji wamepainua kwa mbao za makasha. Jioni za Jumamosi watoto wa mtaa mzima hukusanyika hapo kutazama.

Siku moja gari moja liliruka tairi la kona, likapenya uzio wa makuti, likaligonga jiko la mama jirani aliyekuwa akikaanga bajia za kuuza. Karai liliyumba na mafuta ya moto yakamwagika chini. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu hakuungua mtu, ila mjukuu wa mama huyo alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale.

Mama alilalamika, na ana haki ya kulalamika. Sheha naye, akitimiza wajibu wake wa kulinda usalama wa watu, aliwaita vijana akawaambia wasimamishe mashindano mpaka walete hati ya bima. Vijana walitii. Walikwenda ofisi ya kwanza ya bima wakaambiwa kwamba jambo kama hilo halijapata kusikika. Ofisi ya pili ikawauzia wazo la bima ya moto ya nyumba, ambayo haihusiani hata kidogo na karai la jirani. Ofisi ya tatu ikataka cheti cha usajili wa chama. Walipokwenda kusajili chama wakatakiwa barua ya sheha, na sheha anangoja hati ya bima. Kwa muda wa miezi miwili vijana wa watu wamekuwa wakizunguka kama ngamia wa kinu cha mafuta, kamba ile ile, duara lile lile.

Wako watakaotucheka kwa kuipa nafasi hii adhimu habari ya vigari vya kuchezea, wakati wananchi wana shida ya maji, ya usafiri na ya ajira. Sisi tunaona kwamba ndani ya habari hii ndogo mna suala kubwa: mtu anapofanya jambo halali ndani ya ua wake, na jambo hilo likamdhuru jirani, ni nani atakayebeba gharama? Na serikali inapomtaka mwananchi awe na dhamana, ina wajibu gani wa kuhakikisha kwamba dhamana hiyo inapatikana?

Tuanze na kuondoa dhana kwamba hivi ni vitu vya watoto visivyo na madhara. Magari makubwa ya mchezo huu, yale ambayo vipimo vyake ni sehemu moja ya nane ya gari la kweli, huwa na uzito unaozidi kilo 3, na mengi yanaweza kwenda kasi ya kilomita 60 kwa saa na zaidi. Kasi hiyo ni sawa na ile ambayo nazi huwa nayo inapofika chini ikiwa imeanguka kutoka kimo cha mita 14 hivi. Kila mkaazi wa visiwa hivi anajua nazi iangukayo kutoka mnazi mrefu inaweza kumfanya nini mtu aliyekaa chini yake. Tofauti ni kwamba nazi huanguka wima, na gari hili hukimbia usawa wa muundi wa mtu mzima na kifua cha mtoto anayetambaa.

Pia iko hatari ya moto. Magari ya umeme hutumia betri za lithiamu, ambazo zikigongwa, zikitoboka au zikichajiwa kwa namna isiyo sawa huweza kuwaka moto mkali usiozimika kwa urahisi. Magari ya injini ndogo hutumia mafuta yenye methanoli, ambayo mwali wake mchana kweupe hauonekani vizuri kwa macho. Katika mitaa yetu ambamo paa la makuti la huyu limegusana na ukuta wa yule, mambo hayo hayafai kudharauliwa.

Je, sheria inasemaje? Mahakama zetu za kawaida, katika madai ya namna hii, zinafuata misingi ya sheria ya Kiingereza iliyoingizwa visiwani zama za ukoloni, na misingi hiyo imebaki kwa sababu baadhi yake inalingana na akili ya watu popote walipo. Mwaka 1868 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kesi maarufu ya Rylands na Fletcher. Bwana mmoja mwenye kiwanda alijengesha bwawa la maji katika ardhi. Maji yakapenya kwenye mashimo ya zamani yaliyokuwa chini yake, yakagharikisha machimbo ya makaa ya mawe ya jirani. Mwenye bwawa hakuwa na kosa lake mwenyewe, kwani kazi aliwapa mafundi. Hata hivyo aliamriwa alipe, kwa msingi kwamba anayeleta katika ardhi yake kitu kisicho cha kawaida ambacho kikitoroka kinadhuru, ndiye mwenye kuubeba mzigo wa kutoroka kwake.

Baadaye, mwaka 1932, Baraza hilo hilo liliamua kesi ya Donoghue na Stevenson, iliyotokana na mwanamke aliyedai kuugua baada ya kunywa kinywaji cha tangawizi ambacho ndani ya chupa yake alikuwamo konokono aliyeoza. Mwanamke yule hakuwa na mkataba wowote na mtengenezaji. Mahakama ikakubali kwamba mtu anawajibika kuwa mwangalifu kwa kila ambaye kwa akili ya kawaida angeweza kumwona kuwa atadhurika kwa matendo yake, na mtu huyo ndiye sheria inayemwita jirani.

Wazee wetu walilijua jambo hilo kabla ya malodi kulikalia kikao. Katika vyuo vya Kurani tulivyosomea utotoni, haki ya jirani ilikuwa miongoni mwa mafunzo ya mwanzo, na tukafundishwa kwamba madhara huondolewa, wala mtu hana ruhusa ya kumdhuru mwenziwe kwa kisingizio cha kutumia mali yake. Basi sheria ya mahakama na mafunzo ya dini zinakubaliana hapa. Karai lingemuunguza yule mtoto, wa kwanza kuulizwa angekuwa mwalimu mstaafu mwenye ua, wa pili angekuwa kijana aliyeshika rimoti, na wa tatu ni kundi zima lililoandaa mashindano. Kwa kiinua mgongo cha mwalimu na mifuko mitupu ya vijana, mtoto angepata tibabu ya namna gani?

Hapo ndipo inapoingia bima ya dhamana. Wananchi wengi wanaijua sura moja tu ya bima hii, ile ya vyombo vya moto barabarani ambayo kwa lugha ya mitaani huitwa bima ndogo. Bima ndogo haimlipi mwenye gari kwa bati lake lililobonyea. Humlipa mtu wa tatu aliyegongwa. Dola imeifanya ya lazima kwa sababu mpita njia hakuchagua kugongwa, wala hana njia ya kumchunguza kila dereva kama ana uwezo wa kulipa. Lakini bima hiyo ni ya vyombo vinavyotembea katika barabara za umma. Kigari cha rimoti uani hakimo ndani yake, na hati ya gari la mwalimu haitamsaidia.

Kinachotakiwa ni bima ya dhamana kwa umma. Inafaa ieleweke vyema kinachobebwa na kisichobebwa na bima hiyo, maana kutofahamu huzaa ugomvi siku ya ajali. Bima hii hulipa madai ya mtu mwingine aliyeumia au aliyeharibiwa mali yake, pamoja na gharama za kujitetea mahakamani, mpaka kikomo kilichoandikwa katika hati. Haiwalipi waandaaji wenyewe wakivunjika mikono. Hiyo ni bima ya ajali binafsi, na ni hati nyingine. Haijengi upya banda lililoteketea; hiyo ni bima ya moto. Haimlipi aliyedhuru kwa makusudi. Na haimsaidii aliyeficha ukweli wakati wa kujaza fomu: akisema watazamaji ni kumi kumbe ni mia mbili, au hakuna kiingilio kumbe kipo, kampuni itakuwa na hoja ya kuikana hati yenyewe.

Vijana walituonyesha karatasi ambayo kila mshindani hutia sahihi, akikubali kwamba akiumia hatadai. Tuliwaambia, na tunarudia hapa kwa faida ya wote, kwamba karatasi hiyo ni ngao ya karatasi. Mama mwenye karai hakutia sahihi popote. Mtoto mdogo hata akitia sahihi, sahihi yake haimfungi. Huko Uingereza kwenyewe, tangu ilipopitishwa sheria ya mwaka 1977 kuhusu masharti yasiyo ya haki katika mikataba, mfanyabiashara hawezi kujivua kwa maandishi dhamana ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe wake.

Wenzetu waliotangulia katika mchezo huu wamefanyaje? Marekani kiko chama kiitwacho ROAR, kilichoanzishwa mwaka 1967, kinachosimamia mashindano ya magari ya rimoti. Viwanja vinavyojiunga nacho hupata kinga ya dhamana kwa mashindano yanayofuata kanuni zake, kwa sharti kwamba washindani nao wawe wanachama. Uingereza kiko chama cha BRCA, ambacho uanachama wake humpa mchezaji bima ya mtu wa tatu. Mtu mmoja mmoja akienda peke yake na kiwanja chake cha uani, huko pia hupata taabu. Bima ya nyumba ya Mmarekani kwa kawaida huondoa shughuli za biashara, na mara tu mwenye ua anapoanza kutoza ada ya kiingilio, kampuni huweza kuihesabu hiyo kuwa ni biashara. Siri ya wenzetu basi ni umoja. Wamejikusanya, wakaandika kanuni moja, wakaipelekea kampuni ya bima hatari moja kubwa inayopimika badala ya hatari elfu ndogo zisizojulikana.

Mwenye ofisi ya bima tusimlaumu bila ya kumsikiliza. Yeye hupanga ada kwa kutazama yaliyopita: ajali ngapi, kwa viwanja vingapi, kwa gharama gani. Kiwanja kimoja cha uani hakimpi hesabu yoyote. Ada ndogo haimlipi hata nauli ya kumpeleka mkaguzi, na ada kubwa kijana hana. Kwa hiyo hukataa, au hutaja bei ya kumkatisha mtu tamaa. Lakini tuchukue mfano. Tuseme vikundi 20 vyenye wanachama 20 kila kimoja vinaungana, na kila mwanachama anatoa shilingi 5,000 kwa mwaka. Hizo ni shilingi milioni 2, zinazoletwa na mkono mmoja, kwa fomu moja, chini ya kanuni moja. Hapo mtu wa bima atakaa kitako na kusikiliza.

Wala vikundi hivyo si lazima viwe vya magari ya rimoti peke yake. Visiwa hivi vina resi za ngalawa, resi za baiskeli, mchezo wa ng'ombe kule Pemba, na mipira ya mitaani isiyo na idadi. Kila mmoja wa michezo hiyo una watazamaji waliosimama karibu kupita kiasi, na kila mmoja una jirani ambaye hakualikwa. Tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Ni kweli. Lakini mzigo wa ajali una wabebaji, na wakiwa wengi unakuwa mwepesi.

Liko pingamizi la kidini, nalo lina heshima yake. Wapo wananchi wanaoogopa bima kwa kuiona imechanganyika na riba na mambo ya kubahatisha. Hawa wasibezwe. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Kiislamu lenye makao yake Jeddah liliamua kwamba bima ya kibiashara yenye ada maalumu haifai, na kwamba badala yake ni bima ya ushirikiano, ambayo watu huchangiana kwa nia ya kusaidiana. Kabla ya hapo, mwaka 1979, Sudan ilikwisha kuanzisha kampuni ya namna hiyo. Na hata zamani zaidi, fiqhi ilijua utaratibu wa jamaa wa mtu kuchangia diya pale anapoua kwa bahati mbaya, ili mzigo usimwangukie mmoja. Miaka ya karibuni Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1969, limeingia katika huduma za takaful. Basi mlango upo. Asiyetaka ule wa kwanza aingie kwa wa pili, lakini asikae nje huku akiwaachia majirani hatari.

Sasa tuwageukie ndugu zetu watendaji wa serikali. Kuwataka vijana hati ya bima ni jambo jema. Kuwataka hati isiyouzwa popote ni kuwakatalia bila ya kuwaambia kwamba wamekataliwa. Tabia hii ya kumtupia mwananchi sharti, kisha kila ofisi ikafunga dirisha, tumeikemea mara nyingi na tunaikemea tena. Amri ya kusimamisha nayo haitoshi. Mchezo uliopigwa marufuku uani utahamia barabarani, kwenye viwanja vya maskuli usiku, na kwenye magofu, ambako hakuna uzio wala mtu mzima wa kuangalia. Tutakuwa tumemwondolea mama mmoja bughudha na kuwaletea kina mama kumi hatari.

Wala tusisahau kwamba visiwa hivi vina kidonda cha karatasi zinazotazamwa baada ya msiba. Meli ya Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa imepakia kupita kiasi, na mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, ikazama Skagit. Hatulinganishi bahari iliyomeza mamia ya watu na kigari cha uani. Kufanya hivyo kungekuwa utovu wa adabu kwa marehemu. Tunasema tu kwamba somo ni moja: usalama na fidia hupangwa kabla chombo hakijang'oa nanga.

Kwa hiyo tunapendekeza hatua nne. Kwanza, vijana wenyewe watengeneze kiwanja kinachokubalika: uzio wa wavu imara upande wa majirani na wa watazamaji, hakuna kona inayoelekea jikoni kwa mtu, watoto wakae nyuma ya mstari, betri zichajiwe nje ya nyumba juu ya saruji au mchanga, ndoo za mchanga na kizimamoto viwe tayari, na daftari la ajali liandikwe kila siku ya mashindano, hata kwa ajali ndogo. Daftari hilo ndilo litakalompa mtu wa bima hesabu anayoitafuta.

Pili, Baraza la Taifa la Michezo livipokee vikundi vya namna hii chini ya mwavuli mmoja na kuviandikia kanuni fupi inayosomeka. Tatu, Shirika la Bima na kampuni nyingine zikae na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo kwa sheria ya mwaka 2009 inasimamia bima pande zote mbili za Muungano, zitunge hati nyepesi ya dhamana kwa michezo ya jamii, ya mwaka mzima na ya siku moja, yenye jina la mwenye ardhi ndani yake ili mwalimu aliyeazima ua wake asije akajuta kwa wema wake. Nne, masheha wapewe mwongozo wa kutoa kibali cha muda, wenye masharti ya usalama, wakati taratibu za bima zinaendelea. Hilo ndilo litakaloikata kamba ya ngamia wa kinu.

Wapo watakaosema kwamba magari haya ni anasa ya wenye jamaa Uarabuni na Ulaya. Mengi yamekuja kwa njia hiyo, hatukatai, na mengi yamefika yakiwa mabovu. Tuliwaona vijana hawa wakiyafufua: wanachomea waya, wanachonga gia, wanasoma michoro ya umeme ambayo hakuna aliyewafundisha. Taifa linalotafuta mafundi haliwezi kuwafukuza mafundi wake wadogo uani kwa kukosa karatasi ambayo taifa lenyewe halijaichapisha.

Kabla ya kuondoka kwetu, vijana walitueleza kwamba wamekwisha kumnunulia mama jirani karai jipya na kumjengea ukuta wa matofali mahali pa uzio wa makuti, kwa michango yao. Mama amewasamehe. Lakini alituambia neno moja tulipomtembelea: msamaha ameutoa kwa sababu mjukuu wake ni mzima. Wenye dhamana ya shughuli hii, kuanzia shehia hadi wizara, walitafakari neno hilo, na watende kabla halijawa na maana nyingine.